Pikapu Kuukuu ya Dizeli Inapokula Mafuta Kupita Kiasi: Mwongozo wa Kutafuta Chanzo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye Toyota Hilux ya dizeli ya miaka ya 1980 au 1990, ile yenye injini ya 2L, 3L au 5L isiyo na turbo. Injini hizo, zenye ukubwa wa sentimita za ujazo 2,446, 2,779 na 2,986 kwa mfuatano huo, bado zinasomba mazao katika vijiji vingi vya Nyanda za Juu Kusini. Hazina kompyuta ya kupanga mafuta: pampu moja inayozungushwa na taimingi belti husukuma dizeli hadi kwenye nozo nne (vinyunyizio vya mafuta, kimoja kwa kila silinda), na vingine vyote ni chuma, mpira na springi. Kwa hiyo hakuna mashine utakayoichomeka chini ya usukani ikakutajia ugonjwa. Ugonjwa hutafutwa kwa kupima, kugusa, kunusa na kutazama.

Pikapu yangu ni ya 3L, na kazi yake ni kubeba matenga ya nyanya kutoka Ilula kwenda Iringa. Iliposhuka hadi kilomita 7 kwa lita, fundi wa kwanza alisikiliza malalamiko yangu kwa dakika chache, akaniambia pampu imechoka na nozo zote nne zibadilishwe. Nililipa. Gari lilirudi likiwa na sauti nzuri zaidi asubuhi, lakini lilikunywa mafuta vilevile. Baada ya miezi miwili niligundua kwamba breki ya gurudumu la nyuma kushoto ilikuwa haiachii, na kwamba injini haikuwa na themostati (kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto) tangu siku niliyoinunua. Vitu hivyo viwili viligharimu sehemu ndogo sana ya fedha nilizotoa kwa pampu. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio: anza na vipimo, kisha vitu vya nje ya injini, na pampu na nozo ziguswe mwishoni.

Kwanza, pima

Mshale wa mafuta kwenye dashibodi si kipimo, na hesabu ya "nimeweka ya elfu hamsini imeishia hapa" si kipimo pia, kwa sababu bei ya dizeli hubadilika kila EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mwezi. Kipimo cha kuaminika ni tanki lililojaa. Nenda kwenye kituo kimoja, simamisha gari mahali palepale palipo sawa, na umwombe mhudumu ajaze polepole. Dizeli hutoa povu, na povu hilo hukata pampu kabla tanki halijajaa, kwa hiyo subiri litulie kisha uongeze hadi pampu ikate kwa mara ya pili. Andika kilomita zilizosomeka. Endesha kwa njia zako za kawaida angalau kilomita 300, rudi kituo kilekile, jaza kwa namna ileile, kisha gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Mimi nilitembea kilomita 310 na zikaingia lita 43.4, maana yake kilomita 7.1 kwa lita. Rudia mara mbili au tatu kabla ya kuamini namba yoyote, kwa sababu safari moja ya mvua na tope hupotosha hesabu yote.

Pima pia kilomita zenyewe. Pikapu nyingi za umri huu zimefungwa matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani, na tairi ambalo mzingo wake umezidi kwa asilimia 5 hukuonyesha kilomita 100 wakati umetembea 105. Mwenye gari analalamika kwamba linakula, kumbe linatembea zaidi ya linavyosema. Chukua nguzo za kilomita zilizo kando ya barabara kuu, tembea kutoka nguzo moja hadi ya ishirini baada yake, na ulinganishe na mita yako. Simu yenye ramani inafaa pia.

Kuhusu matarajio: kwa uzoefu wangu, Hilux ya 3L au 5L iliyo nzima, ikiwa na mzigo wa wastani kwenye lami, hutoa kati ya kilomita 9 na 11 kwa lita. Ikiwa yako inatoa 9 na kazi yake ni kupanda milima ikiwa imejaa, haina ugonjwa, na fedha za fundi ni heri uzitumie kununua matairi.

Mafuta yanayopotea kabla ya kuchomwa

Kabla ya kuilaumu injini, hakikisha mafuta uliyolipia yanaifikia. Pampu za vituo hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, itazame. Ikiwa kituo kimoja kila mara kinakupa matokeo mabaya kuliko kingine kwa njia ileile, badilisha kituo na upime tena kabla ya kufungua kitu chochote. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo ina nguvu kidogo kwa kila lita, kwa kuwa mafuta ya taa ni mepesi, na ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba hayailainishi pampu, ambayo hutegemea dizeli yenyewe kama kilainishi chake. Na ikiwa gari linalala kwa dereva au kwenye uwanja usio na mlinzi, funga kifuniko cha tanki kwa kufuli kwa majuma mawili huku ukipima. Kufuli hilo halimtuhumu mtu, ila linakuondolea swali moja.

Kisha tafuta uvujaji. Osha injini jioni, weka boksi lililokunjuliwa chini yake usiku kucha, na asubuhi utazame madoa yameangukia wapi. Maeneo ya kuchunguza ni paipu ndogo za kurudisha mafuta juu ya nozo, sili ya mbele ya pampu, kichwa cha filta chenye kitufe cha kusukumia kwa mkono, na mikanda ya chuma inayoshikilia tanki, ambako kutu hula tanki bila kuonekana. Tone moja kwa kila sekunde linaonekana dogo, lakini kwa saa 24 hufikia zaidi ya lita 2. Ikiwa paipu iliyopasuka iko upande wa kuvuta mafuta, haitavujisha; itaingiza hewa, na dalili yake ni gari kusumbua kuwaka asubuhi hadi usukume kitufe cha filta mara kadhaa.

Magurudumu na breki

Upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Matairi ya mbele na ya nyuma hayana kiwango kimoja, na kile cha nyuma hubadilika kulingana na mzigo. Ukipapasa uso wa tairi kwa kiganja ukaona kingo zote mbili zimelika kuliko katikati, limetembea muda mrefu likiwa na upepo pungufu. Ukihisi makali upande mmoja wa kila ua unapopitisha kiganja kutoka nje kwenda ndani, na ulaini unapokirudisha, basi magurudumu ya mbele hayaelekei sawa na yanaburuzwa kidogo kwa kila mita unayokwenda. Hilo hurekebishwa kwa wili alainmenti.

Breki ndiyo sehemu ninayoomba isirukwe hata kama gari linasimama vizuri. Tafuta barabara tambarare, tembea kilomita 10 ukigusa breki kwa nadra, kisha liache gari lipunguze mwendo lenyewe hadi lisimame. Shuka mara moja, usogeze mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Magurudumu yote yanapaswa kuwa na joto linalokaribiana. Kwangu, matatu yalikuwa ya uvuguvugu, na la nyuma kushoto lilinifanya nirudishe mkono. Nilidondosha maji kidogo kutoka kwenye chupa, yakapita kwenye tundu la rimu hadi juu ya dramu, yakachemka kwa sauti na kukauka hapohapo. Mafuta yangu ya miezi mingi yalikuwa yamegeuzwa kuwa joto mahali pale.

Ukishapata gurudumu lenye moto, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine, achia handbreki, inua kwa jeki na uegemeze gari kwenye stendi imara, kisha lizungushe kwa mkono. Likigoma, endelea kwa mpangilio huu. Fungua kebo ya handbreki upande wa gurudumu. Likiachia, kebo imeota kutu ndani ya ala yake, na kuimwagia oili ni msaada wa siku chache tu, kwa hiyo ibadilishe. Likiwa bado linagoma, legeza nipeli ya kutolea upepo kwenye breki. Yakiruka mafuta kidogo na gurudumu likalegea, kulikuwa na presha iliyonaswa, na mara nyingi mkosaji ni mpira wa breki uliovimba kwa ndani, unaopitisha mafuta kwenda lakini hauyarudishi. Likigoma bado, basi kosa liko kwenye breki yenyewe: pistoni yenye kutu, springi za kurudisha viatu zilizochoka, au viatu vilivyokazwa mno. Na ikiwa magurudumu yote manne yana moto, usihangaike na gurudumu moja moja. Angalia kama pedali ya breki ina nafasi kidogo ya kucheza kabla ya kuanza kusukuma silinda kubwa ya breki.

Kwa pikapu za magurudumu manne yenye nguvu, angalia fri-habu za mbele, yaani vifungio vya katikati ya magurudumu vinavyoyaunganisha na ekseli. Watu huzifunga kwenye tope la masika na kuzisahau hadi kiangazi, na kwa muda wote huo ekseli na difu ya mbele huzungushwa bure. Zirudishe kwenye alama ya FREE.

Klachi inayoteleza hujulikana haraka: ukiwa gia ya nne kwenye mlima mdogo, kanyaga mafuta hadi mwisho. Sauti ya injini ikipanda huku spidi ikibaki palepale, klachi imekwisha.

Mzigo na mwendo

Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukaenda 110, nguvu ya hewa inayoizuia pikapu inakaribia kuwa mara mbili, na pikapu yenye keria juu ya kabini na turubai linalopepea huumia zaidi. Funga turubai likaze, na uondoe keria usiyoitumia. Kuacha mlango wa nyuma wa bodi wazi ili upepo upite hakupunguzi ulaji wa mafuta, ingawa wengi wanaamini hivyo.

Jambo moja hapa ni la uhai. Wapo madereva wanaotoa gia wakishuka mlima, hata kwenye kona za Kitonga, wakisema wanaokoa dizeli. Hesabu yao si sahihi. Gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umetoka kwenye pedali, gavana ya pampu (sehemu inayodhibiti kiasi cha mafuta kulingana na mwendo wa injini) hukata mafuta karibu yote, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, injini inahitaji dizeli ili isizimike, na juu ya hayo umebaki na breki peke yake dhidi ya uzito wote wa gari na mzigo. Shuka kwa gia ile ambayo ungeipandia mlima huo.

Hewa na joto la injini

Eya klina ifunguliwe na itazamwe kwa mwanga. Ingiza tochi ndani ya filta ya karatasi ukiwa mahali penye giza. Mwanga ukipita sawasawa pande zote, filta inafaa. Usipopita kabisa, imeziba. Ukipita kwa nukta moja kali, imetoboka na vumbi linakwenda moja kwa moja kwenye silinda. Ukiipuliza kwa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo, ukiwa mbali kidogo. Filta zilizotumika kwenye barabara za vumbi jekundu hazistahili kupulizwa zaidi ya mara mbili au tatu, na bei ya mpya ni ndogo ukiilinganisha na pistoni na ringi.

Sasa themostati. Katika nchi zetu za joto kumezoeleka kuitoa kabisa kwa hoja kwamba gari halitachemka. Madhara yake hayaonekani siku hiyo. Maji hupita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, injini haifiki joto lake la kazi, dizeli haiungui vizuri katika chemba ya ubaridi, oili hubaki nzito, na silinda zinalika haraka. Dalili ni mshale wa joto kukaa chini safari nzima, hasa asubuhi za Juni na Julai huku kwetu. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua nyumba ya themostati uone kama kuna kitu ndani. Ikiwa ipo, ijaribu: ifunge kwa uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, weka kipimajoto, na uwashe jiko. Namba ya joto la kufunguka imechongwa kwenye chuma chake, mara nyingi 82 au 88. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na namba hiyo na kufunga tena maji yakipoa. Sisi tunaoishi Iringa, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,550, maji yetu huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, kwa hiyo jaribio bado linafaa. Ikiwa gari linachemka likiwa na themostati nzima, ugonjwa uko kwenye rejeta, feni au pampu ya maji, na huko ndiko pa kutibu.

Usomaji wa moshi

Mpe mtu aendeshe ukiwa nyuma kwa gari jingine, au utazame kwenye kioo wakati wa kupanda mlima ukiwa na mzigo. Moshi mweusi mzito maana yake ni mafuta mengi kuliko hewa. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, unaoendelea baada ya injini kupata moto, ni mafuta yasiyoungua, na hapo hushukiwa taimingi (wakati wa kupuliza mafuta kwenye silinda) iliyochelewa, nozo inayodondosha au mgandamizo mdogo. Moshi wa bluu ni oili.

Moshi mweusi una chanzo kimoja ambacho mafundi hawakisemi. Juu ya mwili wa pampu kuna skrubu ya kiwango cha juu cha mafuta, ambayo kiwandani hufungwa kwa lakiri. Mwenye gari akilalamika kwamba halivuti, skrubu hiyo huzungushwa kidogo, gari linapata nguvu, mteja anaondoka akiwa na furaha, na kuanzia siku hiyo linachoma zaidi. Ukiona lakiri imevunjwa, mwambie fundi wa pampu airudishe kwenye kiwango akiwa na benchi la kupimia. Kumbuka pia kwamba kwenye mwinuko kama wa Iringa hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko pwani, hivyo pampu iliyopangwa Dar es Salaam kwa kiwango cha juu kabisa itatoa moshi ikifika huku, hata kama haina kosa.

Taimingi, nozo na pampu

Ukifika hapa ukiwa umepima baada ya kila badiliko, una haki ya kufungua injini. Kwangu, kuirekebisha breki kulinipandisha kutoka 7.1 hadi 8.5, na themostati mpya ikanifikisha 9.2. Lau ningefanya vyote kwa siku moja, nisingejua kipi kilinisaidia.

Uliza kwanza taimingi belti ilibadilishwa lini na nani. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikirudishwa ikiwa imeruka jino moja, injini itawaka na kutembea, lakini haitakuwa na nguvu na itakunywa. Ikiwa ulaji uliongezeka baada tu ya kazi ya belti, usitafute pengine: fungua kifuniko ulinganishe alama za kranki, kamshafti na pampu.

Ili kuitambua nozo mbovu, washa injini uiache iungurume polepole, na ulegeze nati ya paipu ya nozo moja kwa spana huku umeizungushia kitambaa. Injini ikitetereka, silinda hiyo inafanya kazi. Isipobadilika, umepata pa kuanzia. Vaa miwani, na kamwe usiweke kidole mbele ya mafuta yanayotoka, kwa sababu dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi na jeraha lake linahitaji hospitali siku hiyohiyo hata kama linaonekana kama tundu la sindano.

Nozo zikitolewa, simama karibu na mashine ya kupimia uangalie mwenyewe. Nozo nzima hufungukia presha iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, hutoa ukungu mwembamba ulionyooka, na mdomo wake hubaki mkavu baadaye. Inayotoa mkojo wa upande mmoja, au inayoacha tone likining'inia, ndiyo inayokula mafuta yako. Waombe wakuonyeshe zote nne kabla hawajakuuzia hata moja, na wakati wa kurudisha nozo, pete za shaba zinazokaa chini yake zote ziwe mpya.

Baada ya nozo na taimingi, ikiwa bado hujafika kilomita 9 na moshi mweupe au wa bluu haujaisha, pima mgandamizo wa kila silinda na nafasi za valvu, ambazo kwenye nyingi ya injini hizi hurekebishwa kwa vipande vya chuma vya unene tofauti. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, mwombe fundi amimine kijiko cha oili ndani yake na apime tena. Mgandamizo ukipanda, ringi zimekwisha. Ukibaki ulivyo, tazama valvu na gaskiti ya silinda hedi. Hapo ndipo unapoweza kuamua kama injini inafunguliwa yote au inabadilishwa, ukiwa na daftari la vipimo mkononi la kumwonyesha fundi.